Tabaka Moja Linalotofautisha Kulia na Kushoto

Grisi nyeusi inayowachafua mafundi wa magari vidole mara nyingi hupata weusi wake kwenye disulfidi ya molibdeni, madini ya matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine. Wanafizikia huyataka kwa kazi nyingine. Hubandika selotepu juu ya fuwele, huibandua, hurudia tena na tena hadi libaki tabaka moja lisilofika unene wa nanomita 1. Mwaka 2010 ilidhihirika kwamba tabaka hilo pekee hung'aa vizuri likimulikwa, ilhali kipande kinene cha madini hayohayo karibu haking'ai kabisa.

Kinachovutia zaidi ni spini. Kila elektroni ni sumaku ndogo mno inayoelekea juu au chini. (Haizunguki kama pia, ingawa michoro ya vitabuni hutushawishi hivyo.) Vifaa vyetu vingi vya kielektroniki hutumia chaji ya elektroni na kuiacha spini bure. Kuielekeza kwa sumaku kunawezekana, ila ni vigumu kulenga eneo dogo, tena kwa kasi. Leza hulenga kwa urahisi.

Mwaka 2012 wanafizikia Di Xiao, Wang Yao na wenzao walieleza kwa hesabu jinsi leza ingefanya kazi hiyo. Elektroni za tabaka moja hukusanyika kwenye hali mbili za mwendo, ziitwazo mabonde, zenye nishati sawa lakini mielekeo kinyume. Kwa kuwa atomu za molibdeni ni nzito, mwendo wa elektroni hufungamana na spini yake: bonde moja hupendelea juu, jingine chini. Mwanga ambao uga wake wa umeme huzunguka kulia huamsha bonde moja. Ukizunguka kushoto, huamsha la pili. Rangi ya leza ikichaguliwa sawasawa, kuchagua bonde ni kuchagua spini. Mwaka huohuo majaribio ya Hong Kong, Beijing na Marekani yaliuthibitisha uteuzi huo wa mabonde. Ukiongeza tabaka la pili katika mpangilio wake wa asili, hukaa kinyume na la kwanza, na upambanuzi huo hudhoofika sana.

Mimi naona ugumu wa kutumia spini kubeba data hauko kwenye kuandika bali kwenye kuhifadhi. Elektroni iliyoamshwa huacha tundu nyuma yake, na wawili hao hurudiana ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni za sekunde. Dawa mojawapo ni kuwatenganisha: diselenidi ya tungsteni hupachikwa juu ya disulfidi ya molibdeni, elektroni ikahamia upande mmoja, tundu likabaki upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba katika mpachiko huo kumbukumbu ya bonde ilidumu zaidi ya mikrosekunde 1, muda ambao prosesa ya gigahezi 1 hupiga mizunguko 1,000. Lakini walifanya hivyo kwenye baridi ya takriban nyuzi 263 chini ya sifuri, na katika joto la kawaida la chumba mitetemo ya atomu huifuta kumbukumbu hiyo upesi zaidi.