Vitabu vya Mlima Sinai

Je, umewahi kumwazima mtu kitu chako, naye asikirudishe? Kama ni jembe, utanunua jingine. Lakini kama ni kitabu ambacho hakuna kingine kama hicho duniani, utafanya nini? Jambo hilo liliwapata watawa wa Mlima Sinai. Katika somo hili tutaona jinsi walivyokusanya vitabu vyao, na jinsi walivyopoteza kimoja.

1. Nyumba ya jangwani

Mlima Sinai uko Misri, katika jangwa la mawe. Waarabu huuita Jabali Musa. Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote humheshimu Nabii Musa.

Tangu zamani, Wakristo wengine waliacha miji yao wakaenda kuishi huko ili wasali. Watu hao huitwa watawa. Katika miaka ya 380 mwanamke msafiri aitwaye Egeria alifika mlimani. Aliandika kwamba watawa walimpokea vizuri. Pia aliandika kwamba kila mahali walipofika, habari za mahali hapo zilisomwa katika kitabu cha Musa. Kwa hiyo sala na vitabu vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Katika karne ya 6, Justinian, mfalme wa dola ya Rumi, aliamuru wajengewe kanisa na ukuta mkubwa wa mawe. Ukuta huo ungali umesimama. Baadaye nyumba hiyo ilipewa jina la Mtakatifu Katerina. Ndani ya ukuta kuna msikiti pia, na umekuwapo kwa miaka 900 hivi.

2. Vitabu vilitoka wapi?

Zamani hapakuwa na mitambo ya kupiga chapa. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Kitabu cha namna hiyo huitwa muswada. Karatasi zake mara nyingi zilikuwa ngozi za kondoo, mbuzi au ndama. Ngozi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikakwanguliwa manyoya, ikawambwa, ikakaushwa. Kitabu kimoja kikubwa kilihitaji kundi zima la wanyama. Ndiyo maana kitabu kilikuwa mali.

Watawa wa Sinai walipata vitabu kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kunakili. Mtawa aliweka kitabu cha zamani mbele yake, akaandika kingine kama hicho, neno kwa neno.

Njia ya pili ni kutunga. Katika karne ya 7 mkuu wa nyumba hiyo, Yohane, alitunga kitabu kiitwacho Ngazi. Kinafundisha jinsi mtu anavyopanda hatua kwa hatua katika tabia njema. Kinasomwa hata leo.

Njia ya tatu ni wageni. Katika karne ya 10 watawa wa nchi ya Jojia waliokuwa wakiishi Palestina walihamia Sinai. Mmoja wao, Ioane Zosime, alikuwa mwandishi na mjalidi wa vitabu. Wageni hao walikuja na vitabu vya lugha yao.

Njia ya nne ni zawadi. Watu wa mbali walitoa vitabu kwa ajili ya Mungu. Vingine viliandikwa ndani kuwa ni wakfu wa nyumba hiyo, yaani visiuzwe wala visiondolewe.

Hivyo kidogo kidogo maktaba ilijaa. Leo ina miswada zaidi ya 3,000. Mingi ni ya Kigiriki. Mingine ni ya Kiarabu, Kisiria cha kale, Kijojia na Kislavoni.

3. Kwa nini havikuharibika?

Hewa ya jangwani ni kavu, kwa hiyo ukungu haukuvila. Ukuta ulizuia wanyang'anyi. Watawala wa Kiislamu nao waliilinda nyumba hiyo. Watawa wanayo nakala ya barua ya ulinzi, ambayo wanaeleza kuwa asili yake ilitoka kwa Mtume Muhammad.

Tena, ngozi haikutupwa ovyo. Ngozi yenye maandishi iliweza kukwanguliwa ikaandikwa upya. Mwaka 1892 Agnes Smith Lewis, mwanamke kutoka Uskoti, aliona maandishi hafifu chini ya habari za wanawake watakatifu. Maandishi hayo yalikuwa Injili za Kisiria za kale sana.

4. Kitabu kilichoazimwa

Watawa walikuwa na Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa katika karne ya 4. Ni moja ya Biblia za kale kuliko zote zilizobaki duniani.

Mwaka 1844 mtaalamu wa Kijerumani, Tischendorf, alifika Sinai. Aliondoka na karatasi 43 za Biblia hiyo. Alidai kwamba alizikuta ndani ya kikapu, zikingoja kuchomwa moto. Watawa wanakana habari hiyo.

Mwaka 1859 alirudi, akaazima karatasi 347. Aliacha hati yenye sahihi yake, akiahidi kuzirudisha zikitakiwa. Hazikurudi. Alizipeleka kwa mfalme wa Urusi. Mwaka 1869 hati nyingine iliandikwa, kusema kwamba ni zawadi kwa mfalme huyo. Watu wanabishana hata leo: je, watawa walitoa kwa hiari?

Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliziuzia Uingereza karatasi hizo kwa pauni 100,000. Sasa ziko London. Zile 43 ziko Leipzig, Ujerumani.

5. Chumba kilichosahauliwa

Mwaka 1975 watawa walikuwa wakiondoa kifusi katika ukuta wa kaskazini. Wakakuta chumba kilichozibwa. Ndani yake mlikuwa na miswada mingi na vipande vya miswada. Humo zilikuwamo karatasi 12 za ile Biblia iliyoondoka. Hizo zimebaki Sinai.

Tangu mwaka 2009, karatasi zote zilizotawanyika zinaweza kuonekana pamoja kwa picha, kwenye intaneti. Lakini zenyewe bado ziko mbalimbali.

Ndugu msomaji, maktaba ile ilianza kwa watu wachache wenye kalamu na ngozi. Kijijini kwenu pia kuna maandishi: daftari za mikutano, hati za mashamba, barua za wazee. Yatunzeni mahali pakavu. Mtu akiazima, aandike jina na siku ya kurudisha. Hata hivyo, Tischendorf naye aliandika. Kwa hiyo nakilini kwanza, halafu ndipo mwazime.

Maswali

1. Taja njia nne ambazo watawa walipata vitabu.
2. Kwa nini kitabu cha ngozi kilikuwa mali?
3. Karatasi za Biblia ya Sinai ziko wapi leo? Mnaonaje, zirudishwe?
4. Nani anatunza maandishi ya kijiji chenu, na anayatunza wapi?