Kampasi ya Rukwa ichague somo lake

Wengi wataipima kampasi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) mkoani Rukwa kwa wingi wa majengo na kozi. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatupa kipimo kingine. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki sita kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika 20, na kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Uchaguzi huo ulikuwa na hesabu yake: udaktari ulifundishwa Makerere na uhandisi Nairobi, ila sheria haikuwa na kitivo popote Afrika Mashariki, na wanasheria Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole.

Atakayesema kwamba kuanza na somo moja ni kujifunga aangalie kilichofuata. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani na kuongeza sanaa na sayansi za jamii. Mwaka 1969 kikaanzisha kitivo cha kilimo Morogoro, ambacho mwaka 1984 kilizaa Chuo Kikuu cha Sokoine. Wapo pia wanaoidharau kampasi kwa kuwa haitoi shahada kwa jina lake. Lakini Dar es Salaam nayo ilianza chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, ikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na ikajitegemea Julai 1970. MUST yenyewe ilianza mwaka 1986 ikiwa chuo cha ufundi.

Ufipa, uwanda wa juu wa mkoa wa Rukwa, haina uhaba wa maswali ya kisayansi. Wakulima wake wamerutubisha mashamba kwa vizazi vingi kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo, na mafundi wake wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo. Chini ya uwanda wa juu kuna Ziwa Rukwa, lisilo na mto wa kutolea maji, ambalo kina chake hupanda na kushuka. Itasemwa kwamba kilimo kina Sokoine. Ni kweli, ila maghala ya mahindi, mashine za kukamua alizeti na vipimo vya maji ya ziwa ni kazi za uhandisi, na uhandisi ndio fani ya MUST. Basi wenye kupanga mitaala wajiulize: ni somo gani litakalomlazimu kijana wa Dodoma au Tanga kulifuata Sumbawanga mkoani Rukwa kwa sababu halifundishwi vizuri zaidi kwingineko?