Pitisha sumaku kwenye unga kabla ya kusonga ugali

Kama wewe, msomaji, ni mmoja wa wakazi wa Machakos wanaonunua mahindi sokoni na kuyapeleka kinuni, basi makala haya yanakuhusu.

Ndani ya kinu mna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi na kuyaponda mahindi mpaka yapite kwenye chujio. Nyundo na chujio hulika kadiri siku zinavyokwenda, na kinacholika huingia katika unga. Wakati mwingine msumari uliokuwa guniani husagwa pia. Kipande chenye ncha kinaweza kuvunja jino au kuumiza koo na utumbo.

Dawa yake ni sumaku. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ncha zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana. Chuma kikikaribia sumaku, nacho hugeuka sumaku kwa muda, na upande wake ulio karibu huwa ncha ya kinyume. Ndiyo maana chuma cha kawaida huvutwa na ncha yoyote ile.

Hata hivyo, si kila madini huvutwa. Chuma, nikeli na kobalti huvutwa kwa nguvu. Shaba, alumini na risasi hazishikwi, na hata baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havishikwi. Mchanga na vigae vya chupa pia hubaki katika unga.

Unaweza kujaribu nyumbani. Chukua sumaku, kwa mfano ya spika ya redio mbovu, uifunge kwa karatasi nyembamba safi. Tandaza kikombe kimoja cha unga kwenye sinia, kisha upitishe sumaku polepole juu yake. Kung'uta unga ulioshika karatasi. Ukiona chembe nyeusi zimebaki, hizo ni za chuma. Usiupike unga huo. Urudishe kinuni ukamwonyeshe mwenye kinu. Usipoona kitu, usidhani unga ni safi kabisa, kwani sumaku haigundui risasi wala ukungu.

Usichanganye chembe hizi na madini ya chuma yanayoongezwa katika unga wa pakiti, ambayo sheria ya Kenya ilianza kuyalazimisha mwaka 2012. Hayo hupimwa ili yasaidie kuongeza damu. Vipande vya nyundo havipimwi na yeyote.

Tahadhari moja: ukimaliza, weka sumaku mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana zikiwa sehemu tofauti za utumbo, ziubane na kuutoboa. Ukishuku hivyo, mkimbize hospitali mara moja hata kama halalamiki maumivu.

Kinu kizuri huwa na sumaku mahali mahindi yanapoingilia, na nyingine unga unapotokea. Sumaku iliyojaa chembe huzidiwa na kuziachilia, kwa hivyo sharti isafishwe mara kwa mara. Siku utakayokwenda kusaga, muulize mwenye kinu yake iko wapi, na ilisafishwa lini.