Bastola ya .22: Matatizo Yanayoanzia Ukingoni

Bastola ya kaliba .22 ni silaha ndogo inayotumia risasi yenye fataki ukingoni. Fataki ni ile baruti kali inayolipuka kwa kugongwa na kuwasha baruti kuu. Katika risasi nyingi za bastola za leo hukaa ndani ya kikombe kidogo katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina kikombe hicho. Kitako chake kimekunjwa pembeni mithili ya upindo wa nguo, na ndani ya upindo huo, kuuzunguka wote, ndimo fataki ilimo. Sindano ya bastola hugonga ukingo, hubonyeza shaba ya upande mmoja mpaka ikutane na ya upande wa pili, na fataki iliyobanwa katikati hulipuka. Sehemu kubwa ya matatizo ya kimitambo ya bastola hizi, yakifuatiliwa hadi mwanzo wake, hurudi kwenye ukingo huo.

Wazo lenyewe lilianzia kwa Mfaransa Louis-Nicolas Flobert, aliyetengeneza mwaka 1845 risasi ndogo isiyokuwa na baruti kabisa. Fataki peke yake ndiyo iliyosukuma kidonge chake, kwa nguvu iliyotosha watu kushindana kulenga shabaha sebuleni. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakauza rivolva yao ya kwanza pamoja na risasi ya namna hiyo iliyotiwa baruti kidogo, ambayo leo huitwa .22 Short. Inayotawala sasa ni .22 Long Rifle, iliyotoka mwaka 1887 katika kampuni ya J. Stevens. Urefu wake mzima ni milimita 25.4, kichwa chake kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6, na kikitoka katika mtutu mfupi wa bastola huwa na nishati ya takriban jouli 100 tu. Kiswahili kinaielezea risasi hii vizuri kuliko lugha nyingi: neno risasi ni jina la metali na pia ni jina la kitu kinachopigwa, na katika .22 mambo hayo mawili bado ni kitu kimoja, kwani kichwa chake mara nyingi ni risasi tupu isiyovikwa metali nyingine.

Ganda lake halina budi kuwa jembamba, maana likiwa nene sindano haitaweza kulibonyeza. Wembamba huo ndio uliowaondoa sokoni ndugu zake wakubwa, kama .44 Henry ya mwaka 1860: baruti haikuweza kuongezwa sana bila ukingo kutishia kupasuka. Hii ndogo ilibaki kwa sababu haina makuu. Shinikizo la juu linaloruhusiwa kwake kwa viwango vya Marekani ni megapaskali 165 hivi, wakati 9 mm Parabellum inaruhusiwa 241. Kwa hiyo bastola ya .22 haiumizwi sana na mlio mmoja mmoja. Huumizwa kidogo kidogo, mara nyingi mno, kwa kuwa risasi zake ni za bei nafuu na wenye nazo huzipiga kwa maelfu bila kuhesabu.

Tatizo linalojulikana kuliko yote ni bastola kugoma kulia. Nyundo inaanguka, unasikika mgongano mkavu, basi. Sababu ya kwanza iko kiwandani. Fataki hutiwa ndani ya ganda ikiwa bado mbichi, kisha husambazwa kwa mzunguko wa kasi ili iende pembeni na kujaza ukingo wote kabla ya kukauka. Isiposambaa sawasawa, kipande cha ukingo hubaki kitupu, na sindano ikiangukia hapo hakuna kinachowaka. Ndiyo maana risasi iliyogoma mara moja, ikizungushwa nusu duara na kugongwa upande mwingine, mara nyingi hulia. Risasi yenye fataki ya katikati haina ugonjwa huu.

Sababu ya pili iko ndani ya bastola yenyewe: springi ya nyundo imelegea, ncha ya sindano imelika, au njia ya sindano imejaa masizi. Wakati mwingine ganda halikuingia kwenye chemba mpaka mwisho, na pigo la nyundo likaishia kulisukuma badala ya kubonyeza ukingo. Alama iliyoachwa na sindano hutoa ushahidi. Ikiwa na kina na makali, kosa ni la risasi. Ikiwa hafifu, kama iliyokwaruzwa kwa ukucha, kosa ni la bastola. Ushahidi huo hauchunguzwi papo hapo, kwani fataki mbovu huweza kuchelewa kuwaka. Kanuni ya viwanja vya shabaha ni kuielekeza bastola mahali salama na kusubiri, kwa kawaida nusu dakika, kabla ya kuifungua.

Ukingo huleta taabu nyingine ndani ya magazini. Risasi hupangwa moja juu ya nyingine, na ukingo wa kila moja umetokeza kuliko mwili wake. Risasi ya juu ikikaa ukingo wake nyuma ya ukingo wa iliyo chini, zinashikana kama ndoana mbili. Kitelezi, yaani sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, kinaisukuma ya juu, nayo haiendi. Midomo ya magazini, yaani vile vipande viwili vya bati vilivyokunjwa juu kuishika risasi isitoke, lazima iachilie kwa pembe ileile kila safari. Magazini ikidondoka sakafuni mara moja na mdomo mmoja ukapinda kiasi kisichoonekana kwa jicho, bastola iliyokuwa nzuri jana huanza kukwama leo, na mwenyewe huanza kulaumu kila kitu isipokuwa hilo bati. Tena kichwa cha risasi ni laini. Kikigonga mlango wa chemba kwa pembe mbaya hakitelezi, hubonyea na kuziba njia.

Risasi ikishaingia na kulia, kinachofuata ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Bastola nyingi za .22 zinazojijaza zenyewe hazina kufuli baina ya mtutu na kitelezi. Uzito wa kitelezi pamoja na springi yake ndivyo vinavyoshikilia ganda kwa ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo kichwa kinahitaji kutoka mtutuni. Baadaye gesi hulisukuma ganda nyuma, nalo hukisukuma kitelezi. Kulabu inayoshika ukingo huliongoza ganda likagonge kitupio, zaidi ya kulivuta. Beretta walilichukulia jambo hilo kwa uzito katika bastola yao ndogo ya 21A, wakaiacha kulabu kabisa. Gesi hufanya kazi yote, na risasi ikigoma, mtutu huinuliwa nyuma kama kifuniko cha sanduku, risasi ikatolewa kwa mkono. Katika bastola nyingine, kulabu iliyovunjika ncha hujulikana kwa ganda kusimama wima mlangoni likiwa limebanwa na kitelezi, au kwa ganda kubaki ndani ya chemba huku risasi mpya ikilisukuma kwa nyuma.

Kila kitu hapo hutegemea mizani kati ya nguvu ya risasi na nguvu ya springi. Risasi ikiwa dhaifu, kitelezi hakirudi nyuma vya kutosha kuchukua risasi inayofuata. Ikiwa na nguvu mno, au springi ikiwa imechoka, kitelezi hugonga fremu kama nyundo ya mhunzi. Colt waliliona hilo kwenye Woodsman, bastola iliyobuniwa na John Browning na kuanza kuuzwa mwaka 1915 kwa ajili ya risasi za mwendo wa kawaida. Mwaka 1930 zilipoingia sokoni risasi za kasi zaidi, kasha la springi lililo nyuma ya mpini halikufaa tena kwa mapigo hayo, na mnamo 1932 Colt wakaanza kutumia lililotiwa ugumu kwa moto. Woodsman za zamani bado zimo mikononi mwa watu, na anayezilisha risasi za kasi anazifupishia maisha bila kujua.

Bastola iliyopata sifa ya kudumu kwa bei nafuu ni ile ya William Ruger na Alexander Sturm, iliyotolewa Southport, Connecticut, mwaka 1949 kwa dola 37.50. Mwili wake ulikuwa nusu mbili za bati la chuma zilizopigwa chapa na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Mtutu haukutembea, na springi zake nyingi zilikuwa za waya wa kuviringishwa badala ya zile bapa zinazovunjika kwa uchovu. Kasoro yake ilikuwa kwingine: kuifungua ilikuwa kazi, kuirudishia ilikuwa mtihani. Wengi waliacha kuifungua kabisa, uchafu ukajaa. Toleo la Mark IV la mwaka 2016 lilimaliza udhia huo kwa kitufe kimoja, likaja na udhia wake: mwaka 2017 kampuni yenyewe iliyaita yarudishwe kiwandani matoleo yaliyotengenezwa kabla ya Juni 1 mwaka huo, baada ya kugundulika kwamba kifyatulio kikivutwa wakati kitasa cha usalama kimesimama katikati, bastola ingeweza kulia kitasa kikisogezwa.

Uchafu wa .22 una tabia yake. Kichwa cha risasi hupakwa nta au grisi kwa nje, palipo wazi, kwa hiyo hukusanya mchanga na vumbi la mfukoni. Nta ikichanganyika na masizi na chembe za baruti isiyoungua hufanya utando mgumu kwenye chemba na usoni pa kitelezi, mpaka risasi inaanza kuingia kwa kusukumwa. Katika rivolva lipo la ziada. Chemba za Long Rifle hupokea pia risasi fupi za .22 Short, lakini kila moja huacha pete ya masizi pale ganda lake fupi linapoishia. Baada ya nyingi kupigwa, ganda refu hugotea kwenye pete hiyo. Chembe zikiingia chini ya nyota inayotoa maganda, silinda huanza kusugua fremu na kuzunguka kwa uzito.

Kuna jeraha ambalo mwenye bastola huitia kwa mkono wake mwenyewe, nalo ni kuifyatua ikiwa tupu. Sindano ya fataki ya katikati, isipokuta risasi, huishia hewani. Sindano ya .22 hulenga ukingo, na nyuma ya ukingo upo mdomo wa chemba. Pasipo ganda, chuma hugonga chuma, na kila pigo huacha kishimo na kuinua kinundu kinachochungulia ndani ya chemba. Kinundu hicho huzuia risasi kuingia na hulikwaruza ganda linapotoka. Kishimo nacho huipokonya sindano ukuta wa kubonyezea ukingo. Bastola zilizobuniwa kwa uangalifu zina kizuizi cha sindano. Katika zile za Ruger ni kijipini kinachopita katikati ya kitelezi. Ni kidogo kiasi kwamba husahaulika mezani wakati wa kusafisha, na bastola hufanya kazi vilevile bila hicho mpaka chemba iharibike. Mafundi wana chombo cha kusukuma kinundu kirudi mahali pake, na hutumika pasipo kukata chuma.

Metali ndiyo inayotenga bastola ya miaka hamsini na ya msimu mmoja. Kwa kuwa shinikizo ni dogo, mtengenezaji hushawishika kutumia aloi ya zinki iitwayo Zamak, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba. Huyeyuka karibu na nyuzi 385 za Selsiasi, wakati chuma cha pua huvuka 1,400, hivyo humiminwa kwenye kalibu na kutoka na umbo kamili bila gharama ya kuchonga. Lakini zinki hulika haraka kwenye reli za kitelezi na kwenye meno ya kifyatulio, na haipindi kabla ya kuvunjika. Nyufa hutokea pembeni mwa dirisha la kutolea maganda, palipo pembamba. Matumizi yake hayakuwahi kuwa ya wauza vitu hafifu peke yao, kwani kitelezi cha Walther P22 nacho ni cha zinki. Walioifanya metali hiyo ijulikane vibaya ni viwanda vya pembezoni mwa Los Angeles, vilivyotoa bastola kama Jennings J-22 na ambavyo mtafiti Garen Wintemute alivichunguza mwaka 1994 na kuviita “duara la moto”.

Sheria za Marekani ziliingia hapo kwa njia mbili. Illinois ilipima joto: bastola yenye fremu ya zinki inayoyeyuka au kuharibika umbo chini ya nyuzi 427 haiuzwi dukani. California, kwa sheria ya mwaka 1999, ilipima kazi. Bastola tatu za aina moja hupigwa risasi 600 kila moja. 20 za kwanza lazima zipite bila hitilafu, na kwa jumla hitilafu zisizidi sita, wala pasitokee ufa wa hatari. Kisha hudondoshwa juu ya zege kutoka kimo cha mita moja na sentimita moja, kuona kama zitalia zenyewe.

Mtutu ndio unaosumbua kidogo kuliko vyote. Risasi laini na shinikizo la chini haviuli, na miongoni mwa walenga shabaha inasemwa kwamba mitutu mingi ya .22 imeharibiwa na vijiti vya kusafishia kuliko kupigwa. Ya zamani ina kisa tofauti: hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 fataki ziliacha chumvi inayovuta unyevu, na mtutu usiosafishwa siku hiyohiyo uliota kutu. Hatari inayobaki ni risasi yenye baruti pungufu. Mlio wake huwa mdogo, kichwa hukwama katikati ya mtutu, na kinachofuata nyuma yake huutunisha. Mtutu uliotuna ukielekezwa kwenye mwanga huonyesha pete nyeusi ndani, na dawa yake ni kuubadilisha.