R mbili ndani ya mashini moja

Mwenye aliandika memwari kwa Ubuntu 20.04 anajua hii shida. apt inakupa R 3.6.3, lakini paketi ya takwimu yenye mwalimu wako anataka inaomba R 4. Basi unashusha kode yenyewe, unaandika ./configure, make, kisha sudo make install. Kwa mashini yangu ilichukua karibu saa nzima. Ikakubali, nikafurahi.

Kesho yake, skripti yenye ilitembea vizuri wiki nzima ikanipa NULL pale nilipoomba orodha ya aina zangu za maharagi. Usiku muzima nilikuwa nashuku daftari yangu ya shamba! Kumbe data haikuwa na kosa. Tangu R 4.0.0, ya 2020, read.csv haigeuzi tena safu ya maneno kuwa faktori. Inayaacha maneno tu. Mimi nilizani bado niko ndani ya R ya zamani.

Inakuwaje? apt iko na daftari yake, ndani ya /var/lib/dpkg, na kila faili yenye inaleta inaandikwa pale. make install haigusi ile daftari. Inaweka tu faili, kwa kawaida ndani ya /usr/local. Sasa uko na R mbili, na apt inajua moja. Ukiandika R, terminali inapitia kwanza /usr/local/bin mbele ya /usr/bin, njo maana mpya inafunguka. Ukiomba apt iondoe R, ya zamani inatoka, mpya inabaki. Na kama kuna kosa la usalama, apt haitakuletea dawa yake: ni wewe utajenga upya.

Mimi sisemi muache kujenga kutoka kode. Lakini muipe nyumba yake:

./configure --prefix=/opt/R/4.0.0

Kila kitu kinaingia ndani ya ile foldere moja. Unaifungua na /opt/R/4.0.0/bin/R, na siku umeichoka unafuta foldere, basi. Kompaileri na maktaba zenye R inahitaji, achia apt izilete, ile kazi inaiweza kuliko sisi.

Mwenye tayari alichanganya, aandike which -a R, ataona zote mbili. Kisha ndani ya R aandike R.version.string, na ile namba aitie ndani ya sura ya mbinu mbele ya kupeleka memwari.