Sindano Isiyo na Dawa kwa Mabega ya Mpakani

Pale Busia, magunia ya nafaka kutoka Uganda hupita mabegani mwa watu kabla ya kupakiwa tena. Wafanyabiashara wenye ulemavu nao huvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakizizungusha kwa mikono mchana kutwa. Malaba, dereva wa trela hukesha kwenye usukani foleni ikigoma kusonga. Wote wanalijua lile fundo linalojikaza kati ya shingo na bega, ambalo ukilibonyeza maumivu hupanda hadi kichwani.

Iko sindano ya kulilegeza, nayo haina dawa yoyote ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia hulitafuta fundo kwa vidole, kisha huingiza sindano yenye unene wa karibu robo ya milimita hadi ndani ya msuli. Msuli hushtuka, na mara nyingi hulegea. Kwa nini hulegea, wanasayansi wangali wanabishana.

Mwaka 1979, daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliripoti kwamba sehemu 271 kati ya 312 alizochoma zilipata nafuu papo hapo. Hakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hesabu hiyo isimlevye mtu. Tafiti za baadaye zimeonyesha nafuu ya muda mfupi; ya muda mrefu haijathibitika. Kwa maoni yangu, sindano peke yake haitoshi. Nafuu hiyo itumike kufanya mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha bega, na mzigo upunguzwe. Anayetoka kuchomwa akarudi moja kwa moja chini ya gunia la kilo 90 atalipata tena fundo lake.

Hatari kubwa iko begani papo hapo, maana ncha ya pafu iko chini ya msuli huo na sindano inaweza kuitoboa. Ukibanwa pumzi au kuumwa kifua baada ya kuchomwa, hata saa kadhaa baadaye, wahi hospitali. Mwambie mtaalamu mapema kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tena si kila maumivu ni ya sindano hii: mgongo unaouma pamoja na homa, miguu kufa ganzi au mkojo kukutoka bila kujua, huo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia wataalamu wa fiziotherapia. Omba kuona leseni, uliza alijifunzia wapi kazi hii, na hakikisha pakiti ya sindano inafunguliwa mbele yako.