Kuwasaidia Wanafunzi Kusoma Makala za Utafiti

Vijana wetu wa Singida wanaoingia vyuo vya uuguzi, uganga na kilimo hukutana na maandishi ya aina mpya: makala ya utafiti. Si kitabu cha kiada wala habari ya gazeti. Ni Kiingereza kigumu kilichojaa takwimu. Wengi huanza mstari wa kwanza, huchoka ukurasa wa pili, na kuondoka na maana isiyo sahihi.

Tuchukue mfano wa karibu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, si mbali na mpaka wa mkoa wetu. Kuanzia mwaka 2017 ulifanyika huko utafiti uitwao ELICIT kuhusu udumavu wa watoto. Watoto 1,188 waliandikishwa wakiwa na umri usiozidi siku 14, wakafuatiliwa hadi miezi 18. Watafiti waliuliza: je, dawa za kuua vijidudu, au vitamini B3, zitawasaidia watoto kurefuka? Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la PLOS Medicine, ambalo husomwa bure kwenye intaneti.

Mwanafunzi anayeishia kwenye utangulizi atasoma kwamba vijidudu vya tumboni huzuia ukuaji, na kwamba dawa huenda zikasaidia. Akirudi kijijini atawaambia akina mama wanunue dawa. Lakini matokeo yanasema vingine: watoto waliopewa dawa au vitamini hawakuwazidi wenzao kwa urefu. Utangulizi hueleza matumaini ya watafiti. Matokeo hueleza kilichoonekana.

Kwa hiyo tuwafundishe vijana kusoma kwa utaratibu huu:

1. Soma kichwa na muhtasari, kisha andika kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, swali lililoulizwa.

2. Tafuta waliopimwa ni akina nani, wangapi, na wamelinganishwa na nani. Haydom watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, na wengine walipewa dawa ya mfano isiyo na tiba ndani yake. Bila kundi la kulinganisha, hatuwezi kujua kama ni dawa iliyosaidia.

3. Tazama majedwali kabla ya kusoma maelezo yake. Tofauti ni kubwa kiasi gani, au haipo?

4. Soma watafiti wanavyokiri upungufu wa kazi yao.

5. Mweleze mwenzako ulichoelewa. Ukishindwa kueleza, rudi hatua ya kwanza.

Tusidhani kwamba utafiti usioona tofauti ni kazi bure. Huo wa Haydom umetuonya tusitumie fedha kwa dawa zisizorefusha watoto, na tusizitumie ovyo hadi vijidudu vikazizoea.

Kamati za parokia zinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Toeni chumba chenye meza na taa, mara moja kwa wiki. Mwombeni mwalimu wa sayansi au mganga wa zahanati akae na vijana watano au sita wasome makala moja kwa mwezi. Wafadhili wanaweza kuchangia kamusi, karatasi na gharama za kuchapa. Mwishoni mwa mwezi, vijana waieleze kamati kwa Kiswahili walichosoma. Hapo wazazi nao watajifunza, na kijana atajua kama ameelewa kweli.